Naomba ushauri: kumshtaki jaji binafsi kwa hukumu aliyoitoa, inawezekana?

Wakuu, habari zenu. Shemeji yangu kashindwa kesi ya shamba na sasa hasikii la mtu: anataka kumfungulia jaji mwenyewe madai ya fidia. Anasema jaji alikataa kupokea hati ya mauziano, halafu kwenye hukumu akaandika kwamba hakuna ushahidi wa mauziano. Hilo hata mimi limenikera.

Ninavyoelewa, jaji ana kinga kwa anachoamua akiwa kazini, hata akikosea vibaya. Marekani mwaka 1978, kwenye kesi ya Stump na Sparkman, Mahakama ya Juu ilimkinga jaji aliyeruhusu binti wa miaka 15 afungwe kizazi bila kujua. Aliambiwa anatolewa kidole tumbo! Kama yule aliponea, huyu wa shamba utamshika wapi? Na sababu naiona: kila anayeshindwa akiruhusiwa kumdai jaji, nani atathubutu kumhukumu mwenye fedha?

Ila kanuni za Umoja wa Mataifa za 1985 zinasema kinga hiyo haiondoi rufaa, hatua za nidhamu, wala fidia kutoka serikalini kwa mujibu wa sheria ya nchi.

Sasa wenye uzoefu: hati kukataliwa ni hoja ya rufaa tu, au inatosha pia kwa malalamiko ya nidhamu? Akipeleka vyote kwa pamoja, haitaonekana anaishinikiza mahakama? Muda wa rufaa unayoyoma na wakili wake hapokei simu.