Mikoko tuliyopanda kwa kujitolea Bagamoyo imekufa, na waliotuita wanatuita tena

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira, nami sioni sababu ya kuificha. Juma lililopita nilirudi pwani ya Kaole kutazama kipande ambacho mwaka jana nilikipanda mikoko kwa mikono yangu, nikakuta kati ya miche 200, iliyosimama bado ni 11. Siku hiyohiyo jioni nikapokea ujumbe kutoka kwa taasisi iliyotuita mara ya kwanza, ikitualika kupanda tena, mahali palepale.

Ninaomba nieleweke. Sina kinyongo na kujitolea. Nauli ya bodaboda nilijilipia, chakula nilibeba kutoka nyumbani, na fulana waliyonigawia ilichanika kwapani kabla maji hayajajaa. Kinachonikera ni kwamba kazi ile iliharibika kabla hatujashika mche hata mmoja, na mtu wa kuwaambia hivyo alikuwepo.

Walichagua siku ya bamvua, siku maji hujaa sana na kupwa sana, yakawa yamekupwa hadi mbali, wageni rasmi wakapata uwanda mpana wa kupigia picha. Mvuvi mmoja mzee, ambaye alikuwa akitengeneza wavu wake kando yetu, alisema waziwazi kwamba pale tulipokuwa tukichomeka mbegu, siku za maji mafu, maji yanapokupwa kidogo tu, hapakauki kabisa, na mmea mchanga utazama siku baada ya siku bila kupumua. Msimamizi alimshukuru kwa adabu nyingi, kisha akatuagiza tuendelee kwa sababu gari la wageni lilikuwa linaondoka saa tano.

Mtu yeyote aliyekulia pwani anajua kwamba miti hii, ambayo kwa jumla tunaiita mikoko ingawa ni ya aina mbalimbali, haikai ovyo. Anayetangulia kupokea mawimbi ni mlilana. Mkoko wenyewe hupenda nyuma yake na kando ya vijito, mkandaa hukaa ndani zaidi, na mchu humudu hata penye chumvi kali. Kwa nini basi tulipewa mkoko peke yake tuupande mbele kabisa? Jibu halihitaji utafiti. Mbegu ya mkoko huota ikiwa ingali juu ya mti, ikaning'inia kama fimbo, hivyo mtu huiokota na kuichomeka kwenye tope bila kitalu wala gharama, ilhali mbegu ndogo za mlilana zinataka kitalu na miezi ya uangalizi. Asubuhi moja ya mkoko inatoa idadi kubwa ya kuandika kwenye ripoti, na ripoti hiyo, kwa jinsi nilivyoiona, inahesabu iliyopandwa tu. Sijawahi kuona safu ya iliyo hai.

Jambo jingine ni visiki. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi ya serikali, na kukata bila kibali ni kosa, lakini nyuma ya eneo letu tulikuta visiki vibichi vya boriti, na utomvu haujakauka. Tulipouliza tulijibiwa kwamba sisi ni wapandaji, si walinzi. Sawa. Ila Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu wananchi wanaoishi jirani na msitu wa serikali kuingia makubaliano ya kuusimamia kwa pamoja na serikali, wakawa na kamati na sauti. Tangu tulipoanza kuitwa, hakuna aliyetutajia habari hiyo hata kwa bahati mbaya. Tunaitwa tukiwa mikono, tunarudishwa tukiwa picha.

Na tuta la shamba la chumvi lililoachwa, ambalo linazuia maji kuingia upande wa nyuma, lingevunjwa sehemu mbili tatu kwa ruhusa inayostahili, mchu ungerudi wenyewe bila fulana za mtu. Hilo nililisema kwenye kikao, likaandikwa, sijui kwenye karatasi ipi.

Kwa hiyo ninawataka waliotualika wajibu hapa hapa maswali matatu kabla hawajasambaza tarehe: ni miche mingapi iliyopandwa mwaka jana ingali hai, nani alichagua lile eneo, na yule mzee ataitwa lini. Mimi sitakwenda siku yao ya bamvua. Nimekubaliana naye kwamba tutakwenda wawili, siku ya maji mafu, tukaweke vijiti pale maji yanapokomea.