Kikundi: Wajukuu wa Bibi Temeke

*Jumatatu, 14 Julai 2025*

Idi: Shikamooni wakubwa. Jana kikosi chetu cha Chelsea kilipotoka, kabla ya fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu na PSG, niliandika humu kwamba kocha Maresca ametuuza. Tumeshinda 3-0, leo nafuta kauli. Nimekirudia kipindi cha kwanza chote alfajiri kabla ya kutoka kwenda kazini.

Mjomba Saidi: Marahaba mwanangu. Haya, sema.

Rehema: Uliandika "tunakufa nne kama Madrid." Bado ipo hapo juu.

Idi: Ipo dada, na niliogopa kwa sababu. PSG kampiga Inter 5-0 fainali ya Ulaya, kampiga Madrid 4-0 nusu fainali ya kombe hilihili. Halafu naona Reece James, namba mbili, yaani beki wa kulia, kawekwa kiungo na Caicedo. Palmer katolewa namba kumi, pale kati nyuma ya mshambuliaji, kapelekwa winga ya kulia, namba kumi kapewa Enzo. Nikasema jamani, siku ya fainali unapangua kiungo chote?

Rehema: Mimi Palmer ndiye aliyeniuma. Pale pembeni nilijua atapotea.

Idi: Kumbe pembeni ndiko kulikokuwa na shimo! Nuno Mendes, beki wao wa kushoto, anapanda, hatulii nyuma. Angalieni bao la kwanza, dakika ya 22. Kipa wetu Sánchez anapiga mpira mrefu, hauendi katikati, unakwenda upande wa Mendes. Mendes anashindwa kuuondoa, beki wetu Gusto anauchukua, anapiga, unazuiwa, unamrudia, anamwekea Palmer. Palmer hata hakupiga kwa nguvu, kaupeleka kwenye kona ya goli.

Rehema: Dakika ya 30 tena kona ileile 🙌🏾

Idi: Ileile! Safari hii beki wetu Colwill ndiye aliyepiga mrefu. Palmer akaingia nao ndani, mshambuliaji wetu João Pedro akakimbia kumvutia beki, Palmer akajifanya anatoa pasi, akapiga mwenyewe.

Kassim: Wazee wa Chelsea hongereni, mimi mtu wa Arsenal nasema kwa roho safi. Ila msisahau, kwa mabeki wa PSG, Pacho hakuwepo. Lucas Hernández hakuwepo. Wote walikula nyekundu robo fainali na Bayern. Pale beki ya kati upande wa kushoto alisimama Beraldo.

Idi: Kassim, hapo umenisaidia. Beraldo anasimama ubavuni kwa Mendes. Mmoja anapanda, mwingine hajazoea kuanza mechi kubwa. Maresca kaona kuna mlango haujafungwa vizuri, kamtuma mchezaji wake bora akausukume mlango huohuo. Jana sikuliona hilo. Niliangalia namba tu.

Kassim: Sawa, hilo nakubali.

Mama Zai: Samahanini, yule mzee wa suti aliyesimama katikati ya wachezaji wakati wa kunyanyua kombe ni nani? Zai ananiuliza.

Rehema: Rais wa Marekani, shangazi. Trump.

Mama Zai: Ahaa. Asante mwanangu.

Mjomba Saidi: Sasa nisikilizeni mimi niliyecheza namba mbili Mwembe Yanga, miguu peku. Mnamsifu Palmer, na anastahili. Ila mechi ile ilianzia kwa Reece. Viungo wa PSG, Vitinha, Fabián na João Neves, wakiachiwa nafasi ya kugeuka, hakuna timu inayobaki salama. Jana kila mtu alipewa mtu wake, tangu dakika ya kwanza. Namba mbili kazi yake ya kila siku ni kukaba mtu mmoja ana kwa ana, pembeni kuna chaki, nyuma yake hakuna msaada. Mtu wa namna hiyo ukimleta kati anakuja na tabia yake ya kutoachia. Hapa kwetu tulikuwa na Erasto Nyoni. Beki wa kulia, beki wa kati, kiungo wa chini, kokote ulipompeleka hakubabaika. Mwaka 2019 tulipowafunga Uganda 3-0 tukaenda AFCON baada ya miaka 39, penalti kapiga yeye.

Idi: Nakumbuka mjomba, tulikuwa wote uwanjani.

Mjomba Saidi: Ndiyo. Na mimi kocha aliwahi kunitoa namba mbili akanipeleka namba sita, kiungo wa chini, nikanuna wiki nzima. Nilidhani ananishusha.

Rehema: Na Neto jamani mbona hatajwi? Winga mzima, kazi yake jana ilikuwa kurudi na Hakimi, beki wao wa kulia, mpaka kwenye boksi letu.

Mjomba Saidi: Umesema kweli. Beki wetu wa kushoto, Cucurella, peke yake asingemmudu Hakimi.

Kassim: Swali moja basi. Ligi ikianza, mtampanga hivihivi? Timu ikija na watu kumi nyuma, Palmer akabaki pembeni, mpira utamfikia vipi?

Idi: Hapana, hapo nipo na wewe. Mpira mrefu wa Sánchez unahitaji mpinzani anayepanda. Kwa timu inayojifungia namtaka Palmer arudi kati. Nilichokifuta ni kauli ya jana kuhusu fainali ya jana.

Mjomba Saidi: Kipindi cha pili pia tuseme ukweli. Tulirudi nyuma mno. Bila mikono ya Sánchez wangepata moja, na wakipata moja wale hawaishii hapo.

Rehema: Nilikuwa nimeshika mto mpaka João Neves alipomvuta Cucurella nywele akapewa nyekundu. Hapo ndipo nikapumua.

Mama Zai: Zai anauliza la tatu lilifungwaje. Bando lilikata dakika ya 40, liliporudi watu wako mapumziko.

Idi: Shangazi, Palmer huyohuyo. Alikokota mpira, akampenyezea João Pedro, dogo akaunyanyua juu ya kipa wao Donnarumma taratibu. Nakutumia kipande sasa hivi, mwambie Zai amwangalie Palmer kabla ya pasi, asimwangalie mfungaji.

Mama Zai: Tumekipata. Ameangalia mara nne, chai imepoa.