Re: Ofa tatu, siku 19 zimebaki. Naombeni ushauri

Njiapanda:
Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo.

Nimemaliza shahada ya uzamili ya takwimu, OPT (ruhusa ya kufanya kazi Marekani baada ya masomo) imeshaanza kutembea na nimekaa bila kazi siku 71. Zikipita 90 hadhi ya mwanafunzi inapotea, mnajua wenyewe. Sasa baada ya ukimya wote ule, wiki hii ofa tatu zimekuja kwa mpigo.

Hospitali ya chuo: dola 68,000 kwa mwaka, E-Verify (mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa za kazi, bila huo sipati nyongeza ya OPT) wanayo, bima nzuri. Ila wanapokea wafanyakazi wapya mara moja kwa mwezi, na zamu yangu ni baada ya siku 27. Kampuni ya watu tisa, Texas: 92,000, naanza Jumatatu, E-Verify hawana ("tutajisajili baadaye"). Ya tatu ni wakala wa kuazimisha wafanyakazi: 85,000, lakini nakaa benchi hadi apatikane mteja.

Nimempigia dada wa ajira pale hospitalini kuomba nianze mapema, kasema kalenda haiguswi. Nimemwandikia DSO, yule afisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni, nikarudishiwa barua ya mashine: miadi baada ya siku 12. Wa Texas wanataka saini Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni.

Swali: nikisaini hospitali leo, siku zinaacha kuhesabiwa, au zinaendelea mpaka siku ninayoingia kazini? Na kama zinaendelea, nifanyeje?

Bi Mkubwa:
Marahaba mwanangu. Chukua hospitali, usiangalie nyuma. Mimi nilianzia chuoni kwa mshahara ambao hata kuutaja naona aibu, lakini sikuchezeshwa bahati nasibu. Nafasi za H-1B, visa ya kazi ya wenye shahada, ni 65,000 kwa mwaka na zile 20,000 za wenye uzamili, dunia nzima inazigombea. Vyuo viko nje ya hiyo hesabu, mimi waliniombea mwezi wa nane, wakati wenzangu walioshindwa bahati nasibu ya Machi wanafungasha. Dada mmoja tuliyekaa naye nyumba moja alikuwa na mshahara karibu mara mbili ya wangu. Nilimsindikiza uwanja wa ndege na masanduku manne.

Mzee Kobe:
Bi Mkubwa, si kila hospitali. Lazima iwe haiendeshwi kwa faida na iwe na uhusiano rasmi wa maandishi na chuo. Jina la chuo kwenye lango si ushahidi. Aulize kwa barua pepe, ajibiwe kwa barua pepe. Na mbona humwambii kwamba ukitoka huko kwenda kampuni binafsi unarudi kwenye bahati nasibu kama mtoto mpya?

Halafu kijana asitishike, siku ni 150.

Mhasibu wa Usiku:
Mzee, usimpotoshe mtoto. 150 ni jumla, kwa aliyekwisha kupata nyongeza ya STEM, ile OPT ya ziada ya waliosoma sayansi, teknolojia na hesabu. Yeye yuko kwenye ile miezi 12 ya kwanza, ana 90 tu.

Na wote mnaotaja mshahara, mnataja ule wa kabla ya makato. Texas haikati kodi ya mapato ya jimbo, hilo peke yake linabadilisha mchezo. Pili, mwenye F-1 (visa ya mwanafunzi) halipi FICA, yale makato ya hifadhi ya jamii na Medicare, kwa miaka mitano ya kalenda ya mwanzo. Ni asilimia 7.65, kwenye hiyo 68,000 ni dola 5,202 kwa mwaka. Mimi nilikatwa miezi tisa. Nikapeleka slipu kwa ofisi ya mishahara, mama wa watu akaniambia "kila mtu anakatwa". Nikamchapishia ukurasa wa IRS, mamlaka ya kodi, nikauweka mezani kwake, akauwekea kikombe cha kahawa juu. Wiki iliyofuata nikaukuta pale pale, una duara la kahawia katikati. Niliishia kujaza fomu 843 ya kudai kurudishiwa.

Mbeba Boksi Mstaafu:
Huyo wakala MKIMBIE. Nimekaa benchi mimi. Waliniambia wiki mbili, ikawa miezi minne, wanaume wanane nyumba ya vyumba viwili, hakuna malipo, eti tuko mafunzoni. Siku moja wakanitumia wasifu wangu "uliorekebishwa". Jina langu, simu yangu, na uzoefu wa miaka saba katika benki ambayo sijawahi hata kupita mlangoni kwake. Fomu ya I-983, ile ya mpango wa mafunzo ya STEM, ilisainiwa na msimamizi nisiyemjua sura. Nilipokataa kuutumia huo wasifu wakanitishia deni la "gharama za mafunzo". Nikarudi ghalani kubeba maboksi, angalau boksi halidanganyi uzito wake.

Dada Kimya:
Siku zinahesabiwa mpaka unapoanza kazi. Saini haisimamishi kitu. Ila kwenye OPT ya kwanza hata kujitolea bila malipo, kwenye fani yako, saa 20 kwa wiki kwenda juu, kunahesabika kama kazi. Mimi nilijitolea kwa profesa wangu wiki tatu, akanipa barua yenye tarehe na saa, nikaingiza taarifa kwenye lango la SEVP, mfumo wa serikali wa wanafunzi wa kigeni, ndani ya siku 10.

Mzee Kobe:
Mhasibu, 150 nimesema kwa maana ya jumla. Soma vizuri kabla ya kurukia watu.

Na haya yote ya nini? Tangu lile tangazo la Septemba 2025 la ada ya dola 100,000 kwa mwajiri, hakuna mwajiri atakayemwombea mtu H-1B. Arudi nyumbani ajenge taifa.

Mhasibu wa Usiku:
Zile laki moja ni kwa wanaoombewa wakiwa nje ya Marekani. Anayebadilisha hadhi akiwa humu ndani hazimhusu. Na wewe mzee unayehimiza watu warudi, una mwaka wa ngapi hapa?

Bi Mkubwa:
Tungekuwa na uraia pacha haya yasingetukuta.

Mbeba Boksi Mstaafu:
Uraia pacha na OPT wapi na wapi, mama? Wakenya wanao tangu Katiba ya 2010 na foleni ya H-1B tunapanga nao ile ile.

Bi Mkubwa:
Najua. Nimesema tu. Mama yangu alifariki nikiwa nasubiri karatasi, nikamzika kwa simu, mpwa wangu ameishika juu ya vichwa vya watu na mtandao unakatika kila udongo unapomwagwa. Kila nikisikia mtoto anauliza habari za siku 90 narudi pale pale.

Mzee Kobe:
Pole sana dada.

Dada Kimya:
Pole Bi Mkubwa.

Njiapanda:
Pole sana mama. Asanteni wote. Samahani kurudisha nyuma: leo Alhamisi, Texas wamepiga mara mbili, zimebaki siku 17. Wakala nimeshawakatalia. Naweza kuanza Texas Jumatatu halafu nihamie hospitali mwezi ujao, au ni kujiharibia jina? Mzee, ile barua pepe nimewatumia, bado hawajajibu.

Mpitaji:
Habari za humu. Mhasibu, hiyo 843 inatumwa peke yake au pamoja na fomu 8316, ile ya maelezo ya ziada ya madai ya FICA? Mimi nimekatwa miaka miwili.

Mhasibu wa Usiku:
Pamoja. Ila kwanza mwombe mwajiri akurudishie. Umekatwa miaka miwili ipi?