Nitasimamaje mbele ya kikao cha ukoo kudai shamba la baba?

Mjane_wa_Mwaloni:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Pale sina woga, nabishana bei na wanunuzi wa Kongo, na mzigo wa Ukerewe ukishuka nasukumana na wanaume na ninaupata. Lakini nikifika nyumbani Magu, mbele ya baba wakubwa na kaka zangu, sauti inakauka. Baba amefariki, majaruba ya mpunga yanataka kugawanywa, na nimeshaambiwa binti hana urithi, atakula kwa mumewe. Mume wangu alishatangulia.

Kinachonifunga si wao tu. Tangu utoto nimefundishwa kwamba mwanamke mcha Mungu ni mnyenyekevu, hapazi sauti. Nikidai najiona nimeasi. Nikinyamaza, wanangu wanabaki mikono mitupu. Mliopitia haya, ujasiri mliupata wapi?

Mama_Buhongwa:
Milele asifiwe, mwanangu. Fungua Hesabu 27. Selofehadi alifia jangwani, akaacha mabinti watano. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike, wakaomba milki. Musa akalipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akasema wana haki. Hakuna aliyewakemea.

Mimi huwa nakaa zaidi kwenye Yoshua 17. Musa ameshakufa, nao wanakwenda tena kwa Eleazari na Yoshua kukumbusha alichoamuru Bwana. Yaani hata neno la Mungu mwenyewe walilifuatilia kwa vinywa vyao! Hawakumtukana mtu, na hawakunyamaza. Unyenyekevu ndio huo.

Mkulima_Kisesa:
Mama, hao hawakuwa na kaka, huyu dada anao. Halafu 1 Wakorintho 14:34 inasema wanawake wanyamaze.

Mama_Buhongwa:
La kaka umesema kweli, kwa hiyo soma Ayubu 42:15. Ayubu alikuwa na wana wa kiume saba, na bado aliwapa binti zake urithi pamoja na ndugu zao. Hilo la Paulo anaongelea utaratibu wa ibada, na katika barua hiyohiyo, sura ya 11, anamtaja mwanamke anayesali na kutoa unabii. Kikao cha mirathi si ibada, kaka yangu.

Dada_Nyegezi:
Niongeze la mahakamani. Mwaka 1990, Mahakama Kuu hapahapa Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Holaria, mama wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza, ndugu wa ukoo akapinga kwa sababu ni mwanamke. Jaji akasema mila hiyo ya kibaguzi inapingana na Katiba. Lako si la kuuza, lakini ujue hausimami peke yako.

Kikubwa sasa ni muhtasari wa kikao. Huo ndio unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi. Hakikisha jina lako limo kwenye orodha ya warithi, na usisaini karatasi ambayo hujaisoma yote.

Mjane_wa_Mwaloni:
Mama, hiyo Ayubu 42:15 sijawahi kuisikia ikihubiriwa, na nimekulia kanisani! Nimeisoma kwa sauti chumbani, wanangu wakaja kuniuliza kuna nini. Baba mkubwa ni mzee wa kanisa na vikao vyake hufungua kwa neno. Nitamwomba siku hiyo nisome mimi, kisha niseme shida yangu nikiwa bado nimesimama, maana nikishakaa sitainuka tena. Dada, huo muhtasari anaandika nani?

Dada_Nyegezi:
Katibu mtakayemchagua palepale. Jipendekeze wewe, unajua kuandika hesabu za dagaa kila siku. Wakikataa, kaa na daftari lako uandike hivyohivyo, halafu mlinganishe kabla ya kusaini.