Msaidizi wa rasilimali watu na daftari la vibarua: miezi minne ya kazi inapokaribia kutimia

Mshika Daftari (Mukono)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi ni msaidizi katika idara ya rasilimali watu ya kiwanda kimoja upande wa Mukono, Uganda. Natunza mafaili ya wafanyakazi, napokea fomu za likizo, naandaa orodha ya malipo kabla haijafika kwa mhasibu, na nashika daftari la mahudhurio ya vibarua wa zamu ya mchana na ya usiku.

Vibarua wetu wengi hufanya kazi ileile mwaka mzima, lakini kila wanapokaribia kutimiza miezi minne huandikwa kwamba wamesimamishwa kwa siku tatu, kisha hupokelewa upya kama wageni. Zamani walipumzika kweli siku hizo. Mwezi huu oda ni nyingi, kwa hiyo meneja ameagiza waendelee kufika kazini, mimi niweke alama ya kutokuwepo kwenye daftari, na malipo yao ya siku tatu yaingizwe katika fungu la upakiaji wa mizigo. Sahihi iliyo chini ya kila ukurasa ni yangu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuikalia meza hii: msaidizi mwenye cheo kidogo kama mimi anaweza kukataa kwa namna gani bila kuonekana mkaidi?

Afisa Mstaafu

Mwanangu, tuanze na sheria, kwa sababu meneja wako ni kama anaijua nusu. Kanuni za Ajira za mwaka 2011, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, zinasema kwamba mtu asiajiriwe kama kibarua kwa zaidi ya miezi minne, na kwamba aliyefanya kazi mfululizo kwa muda huo ana haki ya kupewa mkataba wa maandishi na haitwi kibarua tena. Hizo siku tatu zilibuniwa ili kuukata huo mfululizo, na hata pale watu wanapopumzika kweli, ujanja wenyewe ni dhaifu, maana mfanyakazi anarudi kwenye mashine ileile, chini ya msimamizi yuleyule. Sasa mnataka kuukata kwa kalamu tu, huku watu wakiwa kazini.

Fikiria siku afisa kazi wa wilaya atakapofika. Sheria inamruhusu kuingia mahali pa kazi bila kutoa taarifa na kutaka aonyeshwe vitabu. Atalifungua daftari lako na kusoma kwamba fulani hakuwepo tarehe 12, 13 na 14. Kisha atamwomba mlinzi wa getini kitabu chake, ambamo fulani huyohuyo ameingia saa moja kasoro asubuhi na kutia sahihi. Jikoni atakuta vipande vya tiketi za posho (ugali) na maharage vya siku hizo, na kibarua mwenyewe atamwonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake. Vitabu vya wenzako vyote vitakuwa vinasema kweli, na daftari litakalokuwa limesema uongo ni lile lenye sahihi yako, si ya meneja.

Kwa hiyo andika kilichotokea, basi. Uamuzi wa kumsimamisha mtu ni wa meneja, nao auandike kwa barua yenye jina lake na tarehe ya siku ile anayoiandika. Wewe utaiweka kwenye faili. Mwambie kwa adabu, ukiwa ofisini kwake na si mbele ya wasimamizi wa zamu, kwamba huwezi kutia sahihi mahudhurio yasiyolingana na kitabu cha getini. Usiseme kwamba yeye anavunja sheria. Sema kwamba hesabu za vitabu viwili zitagongana, nalo ni jambo ambalo meneja yeyote anayeogopa wakaguzi hulielewa haraka.

Kijana wa Jinja

Mimi ningepiga picha kurasa zote kwa simu na kuzituma kwa rafiki azihifadhi, ili siku mambo yakiharibika niwe na ushahidi.

Afisa Mstaafu

Hapana, usifanye hivyo. Kurasa hizo zina majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya taifa vya watu ambao hawakukuruhusu kuzisambaza, na tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha. Utaingia kwenye kosa lako mwenyewe ukijaribu kukimbia la mwenzako. Inatosha kumwandikia meneja barua pepe fupi baada ya mazungumzo, ukitaja mlichokubaliana.

Mama wa Mishahara

Nakubaliana na mzee, ila naomba niongeze upande wa fedha, kwa kuwa meneja hubadilika anapoona tarakimu kuliko anaposomewa vifungu. Mara nyingi wanaogopa neno mkataba wakidhani maana yake ni ajira ya kudumu hadi mtu azeeke. Sivyo. Unaweza kumpa mtu mkataba wa miezi sita unaolingana na msimu wa oda.

Chukua kibarua anayelipwa shilingi 12,000 kwa siku na kufanya kazi siku 26 kwa mwezi, anapata 312,000. Mchango wa mwajiri katika NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani 31,200, na wa mfanyakazi ni asilimia 5, yaani 15,600, ambao unakatwa kwenye ujira wake. Vyote vinawasilishwa kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita. Ongeza likizo, ambayo ni siku saba kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo. Zidisha kwa idadi ya watu wenu, kisha pembeni weka gharama ya kufundisha watu wapya na ya mzigo unaoharibika wiki ya kwanza kila mnapobadilisha mikono. Usidhani pia kwamba kiwanda chenye watu wachache kinasamehewa NSSF: marekebisho ya mwaka 2022 yaliondoa kigezo cha idadi ya wafanyakazi.

Na lile fungu la upakiaji msiliguse kabisa. Mhasibu akiulizwa mizigo ipi ilipakiwa kwa fedha hizo, atakujia wewe.

Mshika Daftari (Mukono)

Nawashukuru sana. Nimezungumza na meneja, hakufurahi, lakini ameomba nimpelekee hesabu ya mkataba wa miezi sita kwa zamu ya mchana, na daftari limebaki kama lilivyo. Sasa nimekwama penye jambo moja: wapo waliokwisha kupita miezi minne muda mrefu, wengine zaidi ya mwaka, na ameniambia mikataba yao ianze tarehe ya kutiwa sahihi.

Afisa Mstaafu

Mkataba unaweza kutiwa sahihi leo, lakini tarehe ya kuanza kazi iandikwe ile iliyomo kwenye daftari. Muda wa utumishi ndio unaopima notisi ya kuachishwa kazi: aliyepita miezi sita lakini hajafika mwaka anastahili wiki mbili, na aliyetimiza mwaka mmoja hadi mitano anastahili mwezi mzima. Ukiandika tarehe ya leo, unawafutia watu hao miezi yao yote, na kwa wale waliopita mwaka unawanyang'anya notisi ya mwezi mmoja. Weka mistari miwili katika fomu, mmoja wa tarehe ya kuanza kazi na mwingine wa tarehe ya kutia sahihi, kisha umsomee kila mmoja kwa lugha anayoielewa, iwe Kiganda, Kisoga au Kiswahili, kabla hajatia dole gumba.