Mzee ana kidonda mguuni, bandeji za kubana ninazo. Nimfunge?

Kijana wa Urambo: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mzee wangu ana kidonda mguuni hakifungi tangu masika. Ndugu yetu wa Dar katutumia bandeji za kubana, eti jirani yake zilimponya. Kisukari walishampima, hana. Ila tumbaku analima na kuvuta anavuta.

Nesi Ipuli: Usimfunge kwanza mdogo wangu. Kidonda kiko wapi? Usiku analalaje?

Kijana wa Urambo: Juu ya kidole gumba, na kingine kinaanza pembeni ya unyayo. Usiku mguu unamuuma mpaka auning'inize nje ya kitanda ndipo asinzie. Unyayo wa baridi hata na jua hili la Oktoba.

Mama Wawili: Mbona mama yangu alifungwa akapona kabisa? Mnatisha watu tu.

Nesi Ipuli: Dada, bila shaka mama mguu ulivimba, kidonda juu kidogo ya kifundo upande wa ndani, ngozi imeingia ukahawia? Hapo damu inashindwa kurudi, na kubana ndiyo tiba yenyewe. Huyu mzee dalili zinasema damu haifiki. Ukimbana, vidole vinaweza kuoza.

Apimwe hivi: analala chali kama dakika 10, wanachukua presha ya mikono yote miwili na ya kifundo, wakisikiliza kwa Dopla, kile kifaa cha kusikilizia damu ikipita kwenye mshipa. Ya kifundo wanaigawa kwa ya mkono uliosoma juu zaidi. Mfano mkono 140, kifundo 63, unapata 0.45: kubana sahau, hiyo ni rufaa. 0.8 hadi 1.3 kwa kawaida anafungwa. Chini ya 0.8 ila haijashuka kama ile ya kwanza, aamue mtaalamu. Ikizidi 1.3 msishangilie, mishipa imekakamaa na namba inadanganya, wenye kisukari hasa.

Fundi Redio: Mimi walinishika mapigo juu ya unyayo tu, wakasema poa.

Nesi Ipuli: Kushika peke yake hakutoshi kaka. Mguu ukivimba mapigo yanajificha, na ukiyapata bado hujui presha ni ngapi.

Kijana wa Urambo: Asante dada. Kesho nampandisha gari la Tabora mjini.

Nesi Ipuli: Piga simu hospitali ya Kitete hapo Tabora kwanza, uliza Dopla ipo na anayeijua yuko zamu. Kama hakuna, waombe rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Kidole kikianza kuwa cheusi au maumivu yakipanda ghafla, foleni achana nayo, ingia dharura. Na sigara aache leo.