Nani alikufundisha kujibu tanzia kwa habari za taka?

Wakaazi wenzangu wa Nairobi, mkono unanitetemeka kwa hasira ninapoandika haya, na yule bwana wa barua pepe za mtaa wetu mnamjua hata nisipomtaja. Jana usiku jirani yetu alitutangazia kifo cha baba yake, akaeleza siku ya mazishi na nambari ya paybill ya michango. Rambirambi zilikuwa bado zinamiminika bwana huyo alipobonyeza “jibu wote” na kuandika: “Lori la taka halikuja Alhamisi, ada yetu inaliwa na nani?” Kichwa cha ujumbe bado kilisomeka TANZIA.

Taka, ndani ya tanzia! Tena chini ya swali lake aliburuta rambirambi zetu zote pamoja na saini zake, mkia mrefu kuliko msongamano wa Mombasa Road jioni ya mvua. Nilipomwomba kwa heshima aanzishe ujumbe mpya, alinijibu mbele ya mtaa mzima: “Wewe ni karani wa nani?”

Mwongozo wa adabu za mtandaoni uitwao RFC 1855, wa mwaka 1995, ulishasema unukuu kiasi kinachotosha kumwelewesha msomaji, na uangalie jibu lako linawaendea akina nani. Hata kubadilisha kichwa hakutoshi kila mara, kwa kuwa jibu hubeba ndani yake alama ya ujumbe uliojibiwa, na programu nyingi huliweka katika msururu uleule. Mfiwa alifungua simu akitafuta faraja, akakuta taka!

Mkaazi wa South B: Pole sana. Kwetu wanaotutesa ni wale wanaowaandikia watu wote “Nitoeni humu”. Novemba 2016 ujumbe wa majaribio uliwafikia zaidi ya watumiaji 800,000 wa barua pepe za huduma ya afya ya Uingereza, na waliowajibu wote wakidai waondolewe ndio waliozidi kuukwamisha mfumo.

Shangazi wa Umoja: Mwanzilishi, ungemwandikia faraghani, nani angekuita karani? Umemkosoa hadharani, naye amekujibu hadharani.

Mwanzilishi: Shangazi, aliandika taka kwenye tanzia! Mtaa mzima ulikuwa umeshaisoma, na kwa saa nzima watu walimjibu kuhusu lori hadi nambari ya paybill ikapotelea huko chini.

Kijana wa Kasarani: Kwa hiyo lori lilikuja au halikuja?

Mkaazi wa South B: Kijana, watu kama wewe ndio wanaojibu “Asante” kwa watu wote, simu zikalia usiku kucha.

Kijana wa Kasarani: Asante ni adabu, mzee wangu. Mlalamikie anayejibu neno moja halafu saini yake ina vyeo sita, nembo ya kampuni na onyo la siri lenye aya tatu.

Shangazi wa Umoja: Huyo wa saini hata mimi ninaye, na nembo yake inamaliza bando langu. Juzi alituma “Sawa” mara nne.